Tundu la Pembeni

Jumanne, 14 Januari

Nimerudi kutoka klabu. Mgongo umekufa. Mtu wa miaka hamsini na nne, tumbo kama langu, analala kifudifudi juu ya mkeka nusu saa nzima akilenga karatasi — na analipia! Kulala si kazi. Kazi kuinuka. Kizito, msimamizi wetu wa renji, ukumbi wa kulengea shabaha, aliniuliza leo kama aniitie kreni.

Lakini la kuandika ni hili. Karatasi yangu ilikuwa nzuri. Risasi zimekusanyika katikati, zimefanya tundu moja lenye kingo zilizochanika, unaweza kuliziba kwa sarafu. Isipokuwa moja. Iko peke yake, juu kushoto, kwenye duara la saba, mbali na kumi ya katikati. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Na ile ya kabla ya Krismasi. Moja tu, juu kushoto, kama mtu aliyekuja harusini bila kadi.

Nikamwonyesha Bhanubhai. Yeye hulala mkeka namba mbili, mimi namba tatu, ubavuni kwake. Akaisogeza karatasi kwenye taa, akaitazama sana. Akasema hata zake msimu huu zinapanda juu kushoto.

"Ni hizi risasi za rahisi, yakhe. Sanduku moja, humo nzima, humo mbovu. Ndizo zilizotukosesha kombe."

Kombe lenyewe ni la jozi, wawili wawili. Mwaka jana tulilikosa kwa pointi moja. Mwaka huu litapigwa hapa kwetu, tarehe 25 Februari. Bhanubhai ana sabini na mbili. Tangu auze duka lake la dawa, Jumanne ndiyo siku anayotoka nyumbani Stanmore kwa raha yake, si kwa daktari wala kwa mazishi. Ndiye aliyenileta klabu, akanidhamini, akanifundisha namna ya kupumua kabla ya kubana kidole. Kasema alishike kombe hilo mara moja tu, kisha aiache bunduki mwenyewe.

Kwa hiyo mimi na yeye tuna shida moja na chanzo kimoja. Sanduku la Kizito, maana ndiye anayetuuzia risasi.

Alhamisi, 16 Januari

Kazini leo nimehesabu maboksi ya watu huku nawaza risasi. Mtaa wote wa Hayes unapakia na kupakua, mimi nipo juu kushoto.

Risasi za bunduki zetu ndogo ziko namna mbili. Za rahisi, ambazo klabu nzima hufanyia mazoezi. Na za mashindano, bei yake mara tatu, zimetengenezwa kwa mashine moja, kwa siku moja, baruti imepimwa kama dawa ya mtoto. Wanasema kila bunduki ina toleo inalolipenda. Ukilipata, unalishikilia msimu mzima, hubadilishi.

Nimemwambia Zahra nafikiria kununua za mashindano. Mke wangu hakugeuka hata kugeuka. Kaendelea kukuna nazi yake. Akasema anamjua mtu mmoja humu ndani ambaye hununua viatu vya kazini sokoni kwa kuwa "miguu haisomi jina la kampuni". Kisha akamalizia:

"Mchagua jembe si mkulima, Harith."

Binti yetu Suad akacheka, akaongeza la kwake kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hakijibu. Siliandiki. Si la kumwambia baba.

Jumanne, 21 Januari

Nimenunua. Kizito alinipa sanduku la njano kama anayenikabidhi mtoto mchanga. Bhanubhai naye akachukua lake. Tukalala chini, matajiri wawili.

Aibu! Risasi kumi za kwanza zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Nikatazama kwenye darubini, nikahisi kama nimeibiwa. Nikamwita Kizito, kwa upole, lakini upole wenye meno.

Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha Kampala, kwamba risasi hizi zimepakwa mafuta ya namna nyingine, na mtutu bado una nta ya zile za zamani. Lazima uzoee kwanza. Ni kama kikaango ulichokaangia samaki, leo unakipikia maandazi — andazi la kwanza litanuka samaki tu. Piga, endelea kupiga, utaona.

Nikapiga. Kweli zikakusanyika, vizuri kuliko nilivyowahi kuona maishani. Nikaanza kujisifu moyoni.

Tulipokwenda kuchukua karatasi — ile moja. Juu kushoto. Kwenye saba.

Sasa nauliza mimi, karani wa mizigo: mafuta yaliyobaki mtutuni yanajuaje kushoto? Na kwa nini sanduku lile lilifunguka kirahisi vile? Karatasi ya juu haikuwa imeshikana vizuri. Mtu akitaka kuchanganya za rahisi ndani ya sanduku la njano, nani atamwona? Ufunguo wa kabati la risasi anao mtu mmoja.

Simsemi mtu. Naandika tu.

Ijumaa, 24 Januari

Baada ya sala nilikaa na wenzangu, wakawa wanazungumza habari za Pemba na nani kagombana na nani. Mimi nikawa nawaza uzito. Za rahisi na za mashindano haziwezi kuwa na uzito mmoja hasa. Mzani tunao nyumbani. Ule mdogo wa Zahra wa kupimia hamira na iliki, unasoma hata punje.

Risasi siruhusiwi kuzitoa klabu. Basi mzani ndio uende klabu.

Jumanne, 28 Januari

Siku ya fedheha.

Niliuficha mzani kwenye mfuko wa kofia. Zahra alikwishaniona. Akauliza mwanamme gani anatoka usiku na mzani wa jikoni. Nikasema wa klabu. Akasema klabu hiyo siku hizi inapika nini. Nikashuka ngazi na maneno yake mgongoni.

Nikajifungia jikoni pa klabu. Nikazipanga risasi juu ya meza, nikaanza kupima moja moja. Nilikuwa nimefika mbali — zote sawa, tofauti hata punje hakuna — mlango ukafunguliwa. Kizito. Kikombe mkononi. Akautazama mzani, akaitazama risasi iliyokuwa imekaa juu yake, akanitazama mimi.

"Mzee Harith. Unapima unga?"

Nikasema nilisoma mahali kwamba wapigaji wakubwa hupima risasi zao. Ambayo ni kweli. Akasema ndiyo, wakubwa hupima. Akavuta kiti, akakaa, akanisaidia kupima zilizobaki, moja moja. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Afadhali angenitukana. Mwisho akasimama, akapangusa unga wa iliki uliomshika kidoleni, akaniambia kwamba yeye akitaka kuiba, ataiba kitu kinacholiwa.

Nilipolala kupiga masikio yalikuwa bado yanawaka. Bhanubhai ubavuni alikuwa anafuta miwani, anavaa, anavua, anafuta tena. Tulipomaliza karatasi yangu ilikuwa na lile tundu. Yake risasi moja haikuonekana. Akasema kama anavyosema siku zote:

"Imepita tundu lile lile, yakhe. Risasi ya pili haina haja ya mlango wake."

Tukacheka wote. Hata Kizito.

Jumanne, 4 Februari

Bhanubhai hakuja. Rupa mkewe alinipigia mchana kuniambia wana shughuli ya familia Leicester. Nikaja peke yangu kwa basi la 140. Namba mbili ilikaa wazi, mkeka umekunjwa.

Leo nikapiga za rahisi. Kwa makusudi. Nilitaka nizione zinavyofanya vibaya, nijitetee kwa Zahra.

Karatasi ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, mpaka nikaigeuza nyuma kutazama kama kuna tundu nimelikosa. Zimetanuka kidogo kuliko za mashindano, ni kweli. Lakini ile ya juu kushoto haipo. Hakuna!

Sikufurahi. Ajabu gani hii? Nilikaa kwenye mkeka nimeshika karatasi tatu nzuri kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Kwanza nikawaza: Bhanubhai ananifanyia mchezo. Anapiga kwenye karatasi yangu makusudi, anicheke. Anaweza. Ndiye aliyewahi kunitilia pilipili kwenye kachori, akangoja nile mbele ya watu. Nikajaribu sana kuamini hilo. Ningependa liwe ndilo.

Jumatano, 5 Februari

Mtu hafanyi mzaha huo tangu kabla ya Krismasi, kimya, bila kungoja acheke.

Sitaki kuandika leo.

Jumanne, 11 Februari

Nimefanya jambo, na najiona kama mwizi, ingawa sikuchukua kitu.

Bhanubhai alikuwepo, mchangamfu, koti lake la ngozi na kanda zake za kushikizia bunduki mkononi. Kanikumbusha zimebaki wiki mbili. Tukalala. Kizito akatoa amri ya kuanza. Mimi nikaiweka bunduki yangu begani, tupu, imefunguka nyuma, risasi zote kumi mbele yangu kwenye kibao. Sikupakia. Jicho likawa kwenye darubini tu.

Karatasi yangu nyeupe, nzima. Duara jeusi katikati, halijaguswa.

Bhanubhai akapiga. Akapiga. Nasikia anavyopumua, mtu aliyenifundisha kupumua. Akapumzika, akakohoa, akauinua uso kutoka kwenye bunduki, akafuta jicho, akarudi. Akapiga tena.

Na kwenye karatasi yangu, mbele ya jicho langu, likatokea tundu. Juu kushoto. Kwenye saba.

Nikabaki kwenye darubini. Kutazama tu. Yeye akaendelea na karatasi yake kama kawaida — kila akipumzika na kurudi, hajui amerudi wapi. Duara ni duara. Zote nyeusi, zote za mviringo, zimepangwa jirani jirani.

Kisha nikapakia, nikapiga zangu upesi upesi, vibaya, ili isionekane. Tulipokwenda kuchukua, akahesabu zake kwa kidole, anagusa kila tundu. Tisa. Akatabasamu kusema lile la siku zote. Safari hii sikuweza kucheka, nikajifanya nafunga kiatu. Nimevaa viatu visivyo na kamba.

Jumapili, 16 Februari

Nilikwenda Stanmore kumwambia. Nimerudi sijamwambia.

Rupa alitupikia, ananiita kaka na shemeji kila saa, kula Harith, hujala Harith. Bhanubhai akamimina chai. Akakiweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe, anasikiliza moto ukifika ndipo anaacha. Rupa akaniona nikiona. Akaondoka na sahani.

Nilipomfuata jikoni, kwa sauti ya chini, akaniambia mumewe amefurahi sana na hizo risasi mpya za bei ghali, kwamba usiku anazungumza kombe tu. Akauliza zinasaidia kweli? Nikamwambia zinasaidia. Akasema tangu Oktoba mumewe hajafungua gazeti, anasema habari zote ni za kuudhi. Tukafunika masahani.

Bhanubhai akashikilia kunipeleka kituoni kwa gari. Nikakataa, akakasirika, Rupa akatazama sakafu. Nikapanda. Alikwenda polepole sana. Tukasimama kwenye taa ya kijani. Tukakaa. Nyuma wakapiga honi. Nikamwambia twende, Bhanubhai. Akasema alikuwa ananisikiliza mimi. Mimi nilikuwa sijasema neno.

Karibu na kituo nikakusanya ujasiri. Nikaanza: ile risasi ya pembeni, nimegundua — akageuka kunitazama, uso wote umefunguka, anangoja. Nikasema: labda toleo hili halituafiki. Labda tujaribu la sanduku jekundu.

Yaani nimemsingizia tena sanduku. Nikiwa na akili zangu. Kizito nilimpimia mzani kwa udanganyifu asioufanya. Wa kupimwa ni mimi.

Nitampigia Rupa wiki hii kuhusu gari. Nitampigia. Nimeandika mara mbili ili nione.

Jumanne, 18 Februari

Rupa nimempigia jana. Nilimweleza habari ya taa ya kijani tu. Akasema funguo za gari ameshazificha mara mbili na mara mbili mumewe amezipata. Sasa zimo kwenye pipa la mchele. Leo amemleta klabu mwenyewe, akabaki garini nje na baridi yake. Habari ya shabaha sikumwambia.

Tumepiga za sanduku jekundu. Sihitaji kuandika kilichotokea kwenye karatasi yangu.

Baada ya mazoezi Kizito akaniomba nimsaidie kufagia maganda ya risasi. Akafagia yeye, mimi nikashika kizoleo. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba siku ya kombe wageni watatoka Lewisham, na namba tatu atalala mmoja wao, si mimi. Jozi inapiga kwa zamu, mmoja chini, mwenzake kakaa nyuma na darubini kumwelekeza. Nikasema najua. Akasema risasi ikitua kwenye karatasi ya mgeni, jozi nzima inatoka, na mpigaji anachunguzwa kama anafaa kushika bunduki tena.

Nikauliza kwa nini ananiambia mimi.

"Kwa sababu zile karatasi zenu huwa sizitupi, mzee. Nazitazama. Na mtu akijua akanyamaza, mimi namtoa naye."

Kisha akaniuliza kama nimegundua tatizo ni risasi au ni bunduki. Nikasema bado natafuta. Akamwaga maganda kwenye ndoo, akasema nisitafute sana, anataka jibu kabla Bhanubhai hajalala kupiga Jumanne. Atanisikiliza mimi kwanza. Si kwa sababu ananiamini. Kwa sababu mzee ndiye aliyenileta klabu, basi na mimi ndiye wa kumtoa.

Jumamosi, 22 Februari

Nimempigia Bhanubhai simu mara tatu. Ya kwanza tumezungumza mvua. Ya pili mechi. Ya tatu amenieleza namna ya kukaa nyuma yake na darubini, niseme polepole, nisimpigie kelele sikioni.

Zahra kanikuta nimekaa gizani na simu. Nikamweleza yote. Mwisho akauliza nani anayeogopa zaidi, Bhanubhai kuacha au mimi kumwambia. Kisha akauchukua mzani wake kabatini, akaufuta, akaurudisha.

Jumanne, 25 Februari

Naandika jikoni pa klabu. Wageni wamechelewa, treni zao zimekwama huko ng'ambo ya mto. Kizito ameshaning'iniza karatasi. Rupa yuko ukumbini na bakuli la kachori, anawapa watu hata wasioomba.

Nilimvuta Bhanubhai humu ndani. Nikafunga mlango. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu Hayes, basi zima. Kabla sijafungua mdomo akatoa masanduku mawili mfukoni, akayaweka mezani, moja la njano, moja la zile za rahisi, la kijivu. Rangi mbili ambazo hata kutoka mlangoni nazijua.

Akasema, "Lipi la mashindano?"

Nikadhani ananitania. Nikamtazama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama pale sauti yangu ilipokuwa.

Nikalisukuma la njano kwenye mkono wake. Akalishika, akalipapasa pembe zake. Akasema taratibu, Kiswahili chake kile cha Mjini:

"Harith. Leo usiniambie risasi imeanguka wapi. Hilo nitalijua. Kaa nyuma yangu uniambie kitu kimoja tu, kila nikirudi kulenga. Uniambie namba mbili ni ipi."

Nilisema ngoja. Kwa nini nilisema ngoja? Akasema sawa, atangoja, akaenda kuvaa koti lake. Nasikia anahangaika na vifungo huko nje. Rupa anamsaidia, anamwambia simama vizuri.

Tunaweza kushinda. Hilo ndilo baya lake. Nikimnong'oneza vizuri, mkono wake bado ni mkono ule, na pumzi ni ile. Sauti yangu na mkono wake. Risasi kumi tu.

Na mgeni atakuwa amelala ubavuni.

Wageni wamefika, wanakung'uta miavuli. Kizito amekuja mlangoni. Hakuingia. Ameuliza, "Mzee Harith, jozi yenu iko tayari?" Kisha kaegemea mlango, anangoja jibu la swali jingine, si hili aliloliuliza.

Nyuma yake amesimama Bhanubhai na koti lake, vifungo vimepandana. Amenyoosha mkono, ameupata ukingo wa mlango, kisha bega la Kizito, kisha ameingia mpaka mezani, ameupata mkono wangu huu wa kushoto. Ameushika. Wa kulia ndio unaandika